Kiini Unachokitupa, Mdogo Wangu

Sogea hapa karibu, mdogo wangu, uweke na simu pembeni. Wiki hii nimekaa meza mbili tofauti, na zote mbili zimeniacha na la kusema. Meza ya kwanza alikuwepo binti wa miaka 26, mzuri, mchapakazi, anafanya mazoezi kila alfajiri. Kachemsha mayai matatu, kala ute, viini vitatu kavisukumia ukingoni mwa sahani. "Mafuta hayo, dada." Meza ya pili alikuwepo mwenzake mwenye mimba ya miezi minne. Huyu yai halioni kabisa. Shangazi kamkataza, eti mtoto atazaliwa na upara.

Sikuwagombeza. Nikawatazama tu, kwa sababu nilijiona mimi mwenyewe wa zamani katika wote wawili.

Ndani ya kile kiini kuna kirutubisho kinaitwa kolini. Usione haya kama ndiyo kwanza unakisikia. Madini ya chuma unayajua, asidi ya foliki unaijua kwa kuwa nesi kakuhubiria mpaka umechoka. Kolini haina wa kuipigia debe. Hata huko Marekani ilibidi wasubiri hadi 1998 ndipo wataalamu wa lishe wakaiwekea kiwango rasmi cha kula kwa siku. Mwanamke miligramu 425, mjamzito 450, anayenyonyesha 550. Umeona hapo? Anayenyonyesha anahitaji kuliko hata mwenye mimba, maana kolini inatoka na maziwa kila mtoto anapoliwahi titi. Na sisi tukishajifungua ndipo tunajisahau, tunakula ukoko na chai huku mkono mmoja umebeba mtoto.

Sasa nirudi kwako wewe unayeogopa mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kule Toronto, Charles Best, yule aliyeshiriki kugundua insulini, alikuwa na mbwa waliotolewa kongosho. Insulini iliwaweka hai, lakini maini yao yalijaa mafuta. Yeye na wenzake walipowapa lesithini, kitu ambacho kiini cha yai kimejaa tele, maini yakapona. Wakachambua ndani ya lesithini, wakakuta kinachofanya kazi ni kolini. Ndivyo ilivyo mwilini mwako pia. Ini hufungasha mafuta na kuyasafirisha kwenda kwingine yakatumike, na kolini ndiyo kamba ya kufungia mzigo. Kamba ikikosekana, mzigo unabaki pale pale, ini linavimba mafuta. Wewe unakimbia mafuta huku umeitupa kamba kwenye ndoo ya taka! Ndiyo maana nilikutazama vile.

Na kazi yake haiishii kwenye ini. Kuta za kila chembe ya mwili wako zimejengwa kwa kolini. Ubongo unaitumia kutengeneza kemikali ya kupelekeana habari, ile inayohusika na kumbukumbu na kuamrisha misuli. Tena kolini na foliki ni kama wake wenza wanaoelewana: mmoja akipungukiwa, mwenzake anashika zamu. Ukiwa huli mboga za majani wala maharage, foliki ikipungua, mwili unaanza kuila kolini kufidia. Kwa hiyo ukimnyima mmoja, umewachosha wote wawili.

Wanawake tuna neema moja hapa. Ini linaweza kujitengenezea kolini kiasi, na homoni yetu ya estrojeni ndiyo inayoliamsha. Steven Zeisel na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliwalisha watu wazima 57 chakula kilichopunguzwa sana kolini, wakawaangalia kwa karibu. Matokeo yakachapishwa 2007. Wanaume, 77 kati ya kila 100 walianza kupata shida ya ini au misuli. Wanawake waliokwisha kukoma hedhi, 80. Wanawake walio bado kwenye umri wa kuzaa, 44 tu. Usiseme "tu" kwa furaha lakini, kwa sababu hao 44 ni karibu nusu. Wapo wanawake, wala si wachache, ambao jeni zao zina tofauti ndogo inayolifanya ini lisisikie mwito wa estrojeni. Kwa nje huwezi kujua nani yumo kwenye kundi hilo na nani hamo. Unaweza kuwa wewe, anaweza kuwa dada yako wa tumbo moja. Kinachonipa faraja ni kwamba waliporudishiwa kolini kwenye chakula, walipona. Mwili husamehe ukiwahiwa.

Ukishika mimba hesabu inabadilika. Estrojeni inapanda juu sana, ini linatengeneza kwa nguvu zote, na bado akiba yako inashuka. Inakwenda wapi? Kwa mtoto. Kondo la nyuma linamvutia kolini hata pale ambapo damu yake tayari imejaa kuliko yako. Mtoto hakuulizi kama umekula. Anachota.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, hata kama leo huna mpango wa mtoto. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Siku hizo wewe bado unadhani hedhi imechelewa kwa sababu ya uchovu. Ukija kupima, ukalia, ukamwambia au usimwambie aliyekupa mimba, mrija umeshafunga au haukufunga. Foliki ndiyo yenye ushahidi mzito hapo, hilo halina ubishi, na ndiyo maana unaambiwa uimeze hata kabla ya kushika mimba. Kwa upande wa kolini, utafiti wa California uliotoka 2004 uliona wanawake waliokula kidogo zaidi ndio waliopata zaidi watoto wenye mgongo wazi na kasoro za aina hiyo. Tafiti nyingine baadaye hazikuiona tofauti hiyo, kwa hiyo sitakuuzia maneno kama kitu kilichothibitika. Ila mama anayejenga nyumba hangoji mvua ndipo atafute mabati.

Na wewe uliyejifungua mtoto mwenye mgongo wazi au kichwa kikubwa, tafadhali usinisome kama nakunyooshea kidole. Sababu za hali hiyo ni nyingi, na nyingine hazihusiani kabisa na sahani yako. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mpende, mpeleke kliniki, usiwape nafasi wanaokuuliza ulikula nini.

Miezi ya mwisho nayo ina yake. Chuo Kikuu cha Cornell kiliwapa wajawazito wa miezi mitatu ya mwisho kolini, kundi moja miligramu 480 kwa siku, kundi jingine 930. Watoto wa kundi la pili walipopimwa katika mwaka wao wa kwanza, walikuwa wepesi zaidi wa kutambua wanachokiona. Walipofika miaka 7, walikuwa na uwezo mzuri zaidi wa kutuliza akili kwenye jambo moja. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo usikimbilie duka la dawa. Kimbilia jikoni.

Najua utaniambia, "Dada, mimi vidonge vya kuongeza damu nameza kila siku." Hongera, endelea, usiruke hata siku moja. Lakini vidonge vile ni madini ya chuma na foliki. Kolini haimo. Hata vidonge vya bei mbaya vya wajawazito, vingi vina kidogo sana au havina. Hiyo umeachiwa sufuria yako.

Na sufuria yako inaweza. Yai moja kubwa lina kama miligramu 147, karibu yote kwenye kiini. Yai la kienyeji ni dogo, litapungua kidogo, usiligombanie. Mayai mawili, kipande cha kuku au samaki kama sabini hivi, nusu kikombe cha maharage yaliyoiva hamsini kasoro, glasi ya maziwa arobaini na kitu. Jumlisha mwenyewe: umeifikia 425, na ya mjamzito unaigusa kwa vidole. Kama yai linakushinda kwa bei au kwa kichefuchefu, soya iliyokaangwa nusu kikombe ina zaidi ya mia moja, na viazi na karanga vinaongezea. Haba na haba, mdogo wangu. Hakuna siku moja ya kuokoa mwezi mzima, na hakuna siku moja ya kuuharibu.

Utauliza maini. Kipande cha ini la ng'ombe cha gramu 85 kina miligramu kama 350, kwa kolini ni mfalme. Lakini kipande hicho hicho kina vitamini A kupita kiwango ambacho mjamzito anatakiwa asivuke kwa siku, na vitamini A ikizidi mwanzoni mwa mimba inaweza kumdhuru mtoto. Uingereza wajawazito wanaambiwa waache maini kabisa. Kwa hiyo rosti la maini kula ukiwa huna mimba wala huitafuti. Ukiitafuta, lipishe.

Yai nalo liive. Lile la kiini kinachochuruzika, la kumeza bichi asubuhi kwa ajili ya nguvu, hapana, kuna vijidudu vya kukulaza kitandani na tumbo lako hilo. Na kama una kisukari au daktari amekwisha kukuzungumzia mafuta ya damu, kamuulize idadi ya mayai yako ukiwa umemkalia mbele. Mficha uchi hazai. Unga wa kolini unaouzwa mitandaoni nauogopa zaidi. Ukizidi miligramu 3,500 kwa siku unaweza kutoka jasho, presha ikashuka, mwili ukanuka samaki. Mwanamke mwenye sahani yenye kiini hana haja ya kufika huko.

Narudi kwa shangazi. Usimtukane, wala usimcheke mbele za watu. Aliambiwa na mama yake, na mama yake aliambiwa na bibi. Mimba yangu ya kwanza nilinyimwa mayai miezi tisa, nikatii, nikawa nayatamani usiku mpaka nalia. Mimba ya pili nikakaa na mama mkwe uani, nikamuuliza taratibu, "Mama, kifaranga kinatoka wapi?" Akasema ndani ya yai. "Kinatoka na nini mwilini?" Akanyamaza. Akawatazama kuku wake wanavyodonoa. Kifaranga hutoka na manyoya mwili mzima, hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka na upara.

Hakunijibu siku hiyo. Kesho yake asubuhi nilikuta yai limechemshwa, limemenywa, limewekwa kwenye kisahani na chumvi pembeni, na yeye yuko kule bandani anajifanya kutafuta mengine. Nikalila lote.