Kutoka Dallas ya Embu hadi Makumbusho ya Meru

Kama umelala Dallas, mjini Embu, na una siku moja tu ya kutembea, ipeleke Meru. Amka mapema, maana Mlima Kenya hujifunika mawingu kabla jua halijapanda sana. Kwenye matatu omba kiti cha dirisha upande wa kushoto.

Safari huchukua karibu saa tatu. Ukipita Runyenjes, barabara inashuka na kupanda bila kuchoka: mto Thuchi, halafu Nithi baada ya Chuka, kisha Mutonga. Yote inatoka mlimani kwenda Tana, nayo ndiyo iliyochonga migongo ambayo watu wamejenga na kulima kwa vizazi. Chai iko juu, kahawa katikati, mtama chini kwenye joto. Katikati ya kahawa utaona miringa, miti mikubwa yenye maua meupe. Ikumbuke.

Makumbusho ya Meru yalifunguliwa 1974 katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya (DC) wa kikoloni. Ni madogo. Ndani kuna mawe, ndege na wanyama waliokaushwa, kisha vyombo vya Wameru na habari za Njuri Ncheke, baraza la wazee. Nionavyo, kutenga maumbile upande mmoja na watu upande mwingine ni kosa la upangaji: mzinga wa nyuki ulistahili kusimama kando ya muringa, mti ambao mizinga huchongwa kutoka kwake.

Basi upange mwenyewe. Anzia nje, kwenye boma la Kimeru na bustani ya dawa za asili, ambako hata miraa imepandwa. Muulize mwongozaji mti gani ni wa kujengea, upi wa mizinga, upi wa kuchemshia mgonjwa wa tumbo. Ukishaingia, muulize kuhusu 1956, Njuri Ncheke ilipopiga marufuku tohara ya wasichana kwa kuungwa mkono na serikali ya kikoloni, na wasichana wengi wakajitahiri wenyewe. Waliitwa Ngaitana. Katika nyumba aliyofanyia kazi DC, habari hiyo haifai kupitwa.

Kiingilio cha Mkenya na cha mgeni si kimoja, kwa hiyo beba kitambulisho. Ondoka Meru mapema urudi kukiwa na mwanga: mteremko wa daraja la Nithi umeua abiria wengi, na dereva akikimbiza gari hapo, mwambie apunguze mwendo.