Mgeni Aliyekubali Kufundishwa



Zamani vijana wengi wa Umatengo na Ungoni walikwenda Tanga kukata mkonge. Huko walikuta lugha nyingine, chakula kingine na desturi nyingine. Siku za kwanza za ugeni ni ngumu. Mtu mzima anakuwa kama mtoto. Hajui njia. Hajui salamu. Hajui hata jina la mboga anayokula.

Leo tutasoma habari za kijana aliyetoka mbali akaja ugenini kwetu. Alikuwa mmisionari. Tutaona aliishije, na nani walimfundisha.

1. Alikotoka

Jina lake lilikuwa William Percival Johnson. Alizaliwa Uingereza mwaka 1854. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Oxford. Angeweza kufanya kazi ya serikali huko India, lakini aliiacha. Mwaka 1876 alifika Unguja pamoja na wamisionari wa Kianglikana wa chama cha UMCA. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Wamisionari wa UMCA hawakuja kutafuta mali. Walipewa mahitaji yao na fedha kidogo tu.

2. Alifukuzwa

Mwaka 1880 Johnson alikwenda kukaa Mwembe, mji wa Mataka, chifu wa Wayao. Mahali hapo leo ni nchi ya Msumbiji. Wakati huo biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea. Misafara ya watumwa ilitoka huko kwenda pwani.

Mwaka 1881 msafara mmoja ulikamatwa. Watu wa Mwembe waliamini kwamba Johnson ndiye aliyepeleka habari. Walimnyang'anya vitu vyake. Ikambidi aondoke.

Hakurudi kwao. Baadaye alikwenda Ziwa Nyasa. Mapema mwaka 1882 alikuwa huko na mwenzake, Charles Janson. Janson aliugua akafa ufukoni. Johnson akabaki.

3. Siku zake zilivyokwenda

Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Huna nyumba. Mwenzako amekufa. Barua kutoka kwa mama yako inachukua miezi kukufikia. Homa inakushika, na hospitali haipo. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake.

Johnson alitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji. Alilala katika vibanda vya wenyeji. Alikula kilichopatikana. Fedha hazikuwa zikitumika huko. Aliyetaka chakula alitoa kitambaa au chumvi.

Watu wa mwambao nao walikuwa na hofu. Walivamiwa mara kwa mara na vikosi vya Wangoni kutoka milimani. Wafanyabiashara ya watumwa nao walipita. Kwa hiyo vijiji vingi vilizungushiwa boma. Mgeni akitokea, watu walijiuliza: huyu naye amefuata nini?

Hapo maneno mazuri peke yake hayatoshi, na mgeni huyu hata maneno hakuwa nayo. Kazi yake ya kwanza ikawa kujifunza lugha. Yeye aliyesoma Oxford alikaa chini akasikiliza. Walimu wake walikuwa watu wasiojua kusoma wala kuandika. Lakini lugha yao waliijua, na ziwa lao waliliona kila siku. Kwa jambo hilo wao ndio waliokuwa wasomi, na yeye ndiye aliyekuwa mjinga.

4. Macho yake

Johnson aliona kwamba vijiji vya ufukoni viko mbali mbali. Alitaka meli. Mwaka 1884 alikwenda Uingereza kuomba msaada. Meli ilipatikana, ikaitwa Charles Janson, kwa kumkumbuka yule mwenzake. Ilisafirishwa vipande vipande, ikaungwa huku Afrika. Mwaka 1886 ilikuwa ziwani.

Lakini katika kazi hiyo Johnson alipata ugonjwa mkali wa macho. Jicho moja likapofuka kabisa. La pili likabaki na nuru kidogo.

Wengi walidhani sasa atakaa kwao. Hakukaa. Alirudi Ziwa Nyasa. Meli ilimshusha mahali, naye akatembea kijiji hadi kijiji akiangalia shule ndogo zilizoanzishwa. Kwa jicho hilo moja bovu alifanya pia kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kinyanja. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Biblia nzima ilichapishwa mwaka 1912.

Wewe unayesema, "Macho yangu yamezeeka, siwezi kisomo," umkumbuke mtu huyu.

5. Kijana wa Ziwa naye akatumwa

Usidhani wamisionari walikuwa Wazungu peke yao. Leonard Kamungu alikuwa mtoto wa mwambao huo huo wa Ziwa Nyasa. Alisoma katika kisiwa cha Likoma, kisha Kiungani, Unguja. Mwaka 1909 akawa padri. Mwaka 1911 alikwenda Msoro, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Huko naye alikuwa mgeni. Alianza kazi, akafundisha. Alikufa huko mwaka 1913. Watu wengi waliamini kwamba alilishwa sumu.

Ugenini una hatari kwa kila mtu, mweupe au mweusi.

6. Mwisho wa safari

Johnson alikufa Liuli mwaka 1928, baada ya miaka 52 ya kazi. Alikuwa na umri wa miaka 74. Alizikwa huko huko. Sisi wa Maguu tukishuka milima kwenda ziwani, Liuli si mbali sana. Usipa tunaokula hutoka katika ziwa hilo hilo alilolizunguka.

7. Tunajifunza nini?

Si wageni wote waliokuja namna hiyo. Wengine walikuja kutawala na kudai kodi. Hawakuuliza, waliamuru.

Hata leo wageni wanakuja vijijini: bwana shamba, mganga, mwalimu. Mimi pia nilikuja mgeni. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga darasa la kisomo saa nane mchana, wakati wa kuchuma kahawa. Nilikaa na chaki yangu, hakuja mtu. Nikakasirika, nikasema watu hawa ni wavivu. Kisha mama mmoja akapita na kikapu cha kahawa kichwani. Akaniambia, "Mwanangu, ungetuuliza kwanza." Tukapanga saa nyingine pamoja. Darasa likajaa.

Mgeni anayetaka kuwafaa watu, kwanza akubali kufundishwa nao. Na mwenyeji naye asinyamaze. Akiona mgeni anakosea, amwambie kwa heshima. Mgeni asiyeambiwa atajuaje?

Maneno ya kukumbuka

*Ugenini*: mahali ambapo si kwenu.
*Mwambao*: nchi iliyo kando ya bahari au ziwa.
*Msafara*: kundi la watu wanaosafiri pamoja.
*Kutafsiri*: kutoa maneno katika lugha moja na kuyaweka katika lugha nyingine.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini watu wa Mwembe walimfukuza Johnson?
2. Kwa nini watu wa mwambao waliwaogopa wageni?
3. Taja mambo mawili ambayo mgeni akifika Maguu ni lazima afundishwe na wenyeji.
4. Je, umewahi kuishi ugenini? Nani alikufundisha? Andika mistari mitano, kisha uwasomee wenzako darasani.