Njia ya Damu Mapafuni na Vitabu Vilivyoificha

Mwanafunzi wa biolojia hufundishwa kwamba damu hutoka ventrikali ya kulia ya moyo, hupita mapafuni, kisha hurudi upande wa kushoto ndipo isambazwe mwilini. Maelezo hayo huambatanishwa mara nyingi na jina la William Harvey, tabibu wa Uingereza aliyechapisha kitabu chake juu ya mwendo wa moyo na damu mwaka 1628. Harvey anastahili sifa hiyo, kwani ndiye aliyeonyesha kwa hesabu na majaribio kwamba damu huzunguka mwili mzima. Hata hivyo, sehemu moja ya mzunguko huo, yaani njia ya mapafuni, ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla yake.

Fikra iliyotawala kwa zaidi ya miaka elfu moja ilikuwa ya Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2. Yeye alishikilia kwamba damu hupenya kutoka kulia hadi kushoto kwa vitundu visivyoonekana, vilivyomo katika ukuta unaotenganisha ventrikali mbili. Hakuna aliyepata kuviona. Ila jina la Galen lilikuwa zito.

Mwaka 1242 Ibn al-Nafis, aliyesomea tiba Damascus na baadaye kufanya kazi Cairo, aliandika ufafanuzi wa maelezo ya anatomia yaliyomo katika kitabu cha tiba cha Ibn Sina kiitwacho Kanuni. Humo alikana kabisa kuwapo kwa vitundu hivyo. Kwa maoni yake, ukuta ule ni mnene na hauna upenyo; kwa hiyo damu haina budi kwenda mapafuni, ichanganyike na hewa, ndipo ifike upande wa kushoto. Mtu huyu alikuwa pia mwanachuoni wa fiqhi ya madhehebu ya Shafii, madhehebu yale yale yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, na aliisomesha fiqhi hiyo Cairo. Alieleza kwamba sharia na huruma yake vilimzuia kupasua maiti. Wako wanahistoria wanaoitilia shaka kauli hiyo, kwa kuwa maelezo yake ni sahihi mno.

Miaka 311 baadaye jambo hilo hilo lilitokea mahali ambapo mwanafunzi wa tiba asingelitafuta kamwe: ndani ya kitabu cha teolojia. Michael Servetus, Mhispania aliyekuwa tabibu nchini Ufaransa, alichapisha mwaka 1553 kitabu cha kupinga mafundisho ya Utatu. Alipotaka kueleza jinsi roho inavyoingia katika mwili wa binadamu, alilazimika kuifuata damu. Aliona kwamba ateri ya mapafu ni pana kupita kiasi kinachohitajiwa kuyalisha mapafu peke yake, na kwamba damu hubadilika rangi humo. Hoja hizo ni za kisayansi, ingawa swali lilikuwa la dini. Mwaka huo huo, tarehe 27 Oktoba, alichomwa moto akiwa hai mjini Geneva kwa kosa la uzushi. Nakala za kitabu chake ziliteketezwa, na zinazojulikana kusalia ni tatu tu.

Kitabu cha Ibn al-Nafis hakikuchomwa, kilisahauliwa tu. Mwaka 1924 tabibu wa Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alikuwa akiandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani. Aliusoma mswada wa ufafanuzi huo katika maktaba mjini Berlin, akautambua uzito wake. Mswada ulikuwapo rafuni. Aliyekosekana ni msomaji ajuaye Kiarabu na anatomia pamoja.

Hoja ya ukuta wa moyo inaweza kupimwa darasani. Mwalimu anunue moyo wa mbuzi, na amwombe mchinjaji asiikate karibu mno mishipa iliyo juu yake. Maji yamiminwe katika vena kuu inayoingia upande wa kulia, kisha ventrikali ya kulia ikamuliwe polepole. Wanafunzi waandike maji yametokea katika mshipa upi. Halafu ventrikali zote mbili zipasuliwe, ukuta wa katikati upimwe unene kwa rula, na kila mwanafunzi avitafute vitundu vya Galen kwa lenzi.