Je, Nimerithi Ugonjwa wa Kusahau wa Mama?

Wiki hii daktari wetu anamjibu msomaji wa miaka 49, muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo.

Swali: Daktari, hedhi yangu siku hizi inaruka miezi, na kichwa hakishiki kitu. Juzi mteja kalipa, nikamdai tena. Mama yangu alianza kusahau akiwa na miaka 74, leo hata sisi wanawe hatujui. Ndiyo yameanza kwangu?

Jibu: Pole sana, dada. Wanawake wengi wa miaka 45 hadi 55 hupitia hali hiyo, hedhi inapokaribia kukoma. Homoni ya estrojeni inahudumia ubongo pia, si kizazi peke yake. Ikianza kupanda na kushuka, kumbukumbu nayo huyumba. Ongeza jasho la usiku linalokukatisha usingizi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009, uliofuatilia wanawake zaidi ya 2,000, ulionyesha kuwa uwezo wa kujifunza hulegea kipindi hiki, kisha hurejea hedhi ikishakoma.

Swali: Nitajuaje kama ni zaidi ya hapo?

Jibu: Jina la mteja likikupotea, kisha likakujia ukiwa ndani ya mwendokasi, usihofu. Ila ukipotea njia ya kituo cha Gerezani uliyoizoea miaka yote, ukishindwa hesabu ya chenji, au ukirudia swali lilelile bila kujua umeshauliza, nenda hospitali. Waulize na wa nyumbani kwako. Mara nyingi wao huona kwanza.

Swali: Na urithi je?

Jibu: Ipo demensia (ugonjwa huo wa kusahau) inayopita moja kwa moja kutoka kwa mzazi, lakini ni adimu na kwa kawaida huanza kabla ya miaka 65. Ya mama yako ilianza akiwa na 74. Hatari yako imeongezeka kiasi, basi. Uchunguzi uliofanyika Hai, Kilimanjaro, ulikuta watu wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia. Wengi wanazeeka na akili zao. Na mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilikadiria kuwa karibu nusu ya demensia duniani inaweza kuzuiwa au kucheleweshwa.

Swali: Nianzie wapi?

Jibu: Anza na presha. Presha isiyotibiwa katika umri wako huumiza mishipa midogo ya ubongo kimyakimya, madhara yakaonekana uzeeni. Pima na sukari, na wingi wa damu, maana hedhi nzito hukausha damu na kuchosha akili. Mweleze daktari kila dawa unayomeza. Hata za mafua zinazoleta usingizi huzubaisha. Madeni yaandike kwenye daftari papo hapo.

Na wapo watakaosema mama yako amerogwa; ni mgonjwa, hakurogwa. Waambie hivyo majirani. Nawe kesho, kabla hujafungua duka, pitia Hospitali ya Mnazi Mmoja, hapo jirani na soko, ukapime presha.