Kujifunza Lugha za Programu za Mifumo: Chagua Somo Zuri Kabla ya Kutoa Pesa

Vijana wengi wa Kisiwani, kuanzia Mji wa Kale hadi Tudor, wanajifunza kutengeneza tovuti na programu za simu. Wachache huteremka hadi kwenye lugha zinazoendesha kompyuta yenyewe. Kinachowakwamisha mara nyingi ni wingi wa masomo. Mengine yamepitwa na wakati, na mengine yanauzwa ghali ilhali yaliyo bora hutolewa bure. Makala haya yanaeleza namna ya kuyapambanua.

Lugha hizi ni zipi?

Lugha ya programu za mifumo humwezesha mwandishi wa programu kusimamia kumbukumbu ya kompyuta kwa karibu. Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kiini cha Linux, kilichomo ndani ya kila simu ya Android, kimeandikwa kwa C. Rust ni lugha changa zaidi. Toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2015, na Desemba 2022 ilianza kutumika ndani ya kiini hicho cha Linux.

Tofauti yao kubwa ni usalama. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya dosari za kiusalama inazorekebisha kila mwaka hutokana na makosa ya kumbukumbu. C humwachia mwandishi jukumu la kuyaepuka. Rust hukagua mengi ya makosa hayo kabla programu haijaanza kufanya kazi.

Mfano wake ni bohari yenye ufunguo mmoja. Katika Rust, kila sehemu ya kumbukumbu ina mwenyewe mmoja. Akimkabidhi mwingine ufunguo, yeye haingii tena. Anaweza kuruhusu watu wengi watazame mali, au mtu mmoja aipange upya, lakini si yote mawili kwa wakati mmoja. Mwenyewe akiondoka, bohari huachwa wazi kwa mwingine. Somo la Rust lisiloeleza jambo hili mapema halimfikishi mwanafunzi mbali.

Alama za somo zuri

1. Linakwenda na wakati. Somo la C linalofundisha kusoma maandishi kwa amri ya gets liachwe, kwa kuwa amri hiyo ni ya hatari na iliondolewa rasmi kwenye lugha mwaka 2011. Somo la Rust linalotumia try! mahali ambapo leo huwekwa alama ya ? pia ni la zamani.

2. Lina mazoezi. Kutazama video kwa saa tatu bila kuandika hata mstari mmoja si kujifunza.

3. Linafundisha kusoma ujumbe wa makosa. Mwanafunzi wa C atumie gcc pamoja na -Wall ili aonyeshwe maonyo. Rust yenyewe hueleza kosa liko wapi na mara nyingi hupendekeza marekebisho.

4. Linaonyesha kazi nzima, si vipande vitupu.

Pa kuanzia

Kwa Rust, kitabu rasmi kiitwacho The Rust Programming Language husomwa bure. Sura ya pili humwongoza msomaji kuandika mchezo wa kubahatisha namba, na ya nne hueleza umiliki wa kumbukumbu. Kiambatanishwe na Rustlings, mazoezi mafupi ya kurekebisha programu zenye makosa. Kwa C, kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard hutumia lugha hiyo katika wiki zake za mwanzo, na masomo yake hupatikana bure.

Masomo haya yako kwa Kiingereza. Inasaidia kuandika muhtasari wa kila sura kwa Kiswahili, kwani asiyeweza kueleza jambo kwa lugha yake huenda bado hajalielewa.

Kuokoa bando

Rust ikishawekwa pamoja na nyaraka zake, amri ya rustup doc --book hufungua kitabu kizima bila intaneti. Hivyo mwanafunzi anaweza kukisoma kitabu nyumbani bila mtandao. Mwenye kompyuta ya Windows ajue kwamba Rust kwa kawaida huhitaji pia vifaa vya ziada vya Microsoft, ambavyo ni vizito kupakua. Ni bora kazi hiyo ifanyiwe mahali penye Wi-Fi.

Kusoma pamoja

Mwanafunzi wa peke yake hukata tamaa upesi. Wawili au watatu wanaokutana kila wiki husaidiana kupita sura ngumu. Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Tudor, ni mahali pa kuulizia wenzao wenye nia hiyo.

Tahadhari

Kompaila za C na Rust ni za bure, hivyo asikubali mtu kuuziwa. Anayetaka kulipia kozi aombe kwanza kuona somo moja na kulipima kwa alama nne zilizotajwa. Cheti pekee hakithibitishi ujuzi. Programu ambayo mwanafunzi ameiandika mwenyewe, na anaweza kuieleza mstari kwa mstari, ina uzito zaidi.

Zoezi la wiki

Chagua somo moja tu. Andika programu inayosoma bei tano za bidhaa za Marikiti na kutoa jumla. Kisha ingiza neno badala ya namba, uone kinachotokea, na urekebishe.