Chapa, Rajamu na Nembo: Msamiati wa Kutia Alama kutoka Njia ya Misafara ya Tabora hadi Leza ya Urujuanimno

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa Kiswahili unaohusu kutia bidhaa alama isiyofutika. Yanaanza na maneno yaliyosafiri pamoja na misafara ya Tabora na kuishia kwenye leza ya urujuanimno, chombo kinachotumiwa leo kuandika juu ya vitu visivyostahimili joto wala pigo. Yanadai kwamba istilahi "chapa baridi", ambayo ndiyo tafsiri ya haraka inayojitokeza, inapotosha kifizikia na inaweza kumdhuru mtumiaji. Na kwamba neno rajamu, lililobaki kamusini bila kazi, linastahili kurejeshwa kiwandani.

1.0 Utangulizi

Mfasiri anayekabidhiwa mwongozo wa mtambo wa leza hatatizwa na uhaba wa maneno. Kiswahili kina alama, chapa, muhuri, lakiri, nembo, chale na rajamu. Tatizo lake ni wingi: kila neno limekuja na historia yake, na historia hiyo humwambia msomaji namna alama inavyotiwa. Atumiaye chapa humletea msomaji chuma na shinikizo. Atumiaye muhuri humletea karatasi na mamlaka. Atumiaye chale humletea wembe na ngozi ya mtu.

Uundaji wa istilahi nchini Tanzania, hasa baada ya kuanzishwa kwa BAKITA mwaka 1967 na kwa kazi ya TUKI iliyozaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, umeshughulikia zaidi majina ya vitu na dhana. Ule mwanga ulio nje ya upeo wa macho, upande wa rangi ya urujuani, ulipewa jina la urujuanimno, na jina hilo limekubalika. Leza nayo imeingia bila upinzani. Vitenzi havikupata bahati hiyo. Chombo kina jina, lakini kazi yake haijapata kitenzi kinachoitosha.

2.0 Mzigo, mtumba na rajamu

Burton na Speke walifika Kazeh, penye Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Waliyoyakuta hapo ni kituo cha biashara kilichokwisha kukomaa: njia kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo iliishia hapo kwa wengi, na kwa wengine iliendelea magharibi hadi Ujiji au kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila 2, yaani kama kilo 32. Nguo zilifungwa kwa mtumba, neno ambalo leo, katika umbo la wingi, limehamia kwenye nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani. Vitu vizito visivyogawanyika vilichukuliwa na watu wawili kwa mzegazega.

Katika biashara ya aina hii alama si pambo. Nguo iliyofumwa Massachusetts ilipita mikono mingi kabla ya kumfikia mtu wa Unyanyembe aliyeipokea kama malipo, na katika mikono hiyo yote hapakuwa na aliyemwona mfumaji. Merikani ilipendwa kwa uzito na uimara wake, hata viwanda vya Manchester vikajaribu kuiiga. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipokata ugavi, nguo za kutoka Uingereza na India zilichukua nafasi, lakini jina la merikani halikuondoka. Nchi ya asili ilitoweka katika kitu, ikabaki katika neno.

Hapa ndipo rajamu lina mahali pake. Neno hili lenye asili ya Kiarabu lina maana ya alama iwekwayo juu ya bidhaa ili kuonyesha mtengenezaji au mwenye mali. Linatofautiana na muhuri, ambao huthibitisha mamlaka ya aliyeupiga, na linatofautiana na lakiri, ambayo huziba na kushuhudia kwamba kitu hakijafunguliwa. Rajamu hukaa juu ya kitu chenyewe na huenda nacho popote kiendapo. Haisemi lolote kuhusu namna ilivyotiwa: kwa wino, kwa uzi au kwa chuma. Ukimya huo, ambao mtunga kamusi angeweza kuuona kuwa upungufu, ndio utakaokuwa na faida katika hoja inayofuata.

Chapa lina mkondo mwingine. Limetoka katika lugha za Kihindi, na tangu mwanzo lilibeba maana ya kugandamiza. Kwa njia hiyo lilifaa mitambo ya vitabu ilipofika pwani, likazaa mpiga chapa, uchapaji na mchapishaji. Nembo lilitoka mwilini. Johnson (1939) bado anaitafsiri kuwa alama ya kabila iliyochorwa katika ngozi. Leo ni ishara ya taifa, ya chama na ya kampuni. Mabadiliko ya nembo yanakumbusha yale ya kuchanja, kitenzi cha kutia chale ambacho kimetupa chanjo ya hospitali. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika sana juu ya chale za Wanyamwezi, na ni kinaya kidogo kwamba neno lililotaja alama hizo sasa hubandikwa kwenye barua za ofisi.

3.0 Sarafu za Tabora, 1916

Tabora yenyewe iliwahi kuwa na kiwanda cha kutia alama, na mfano wake unastahili kukaliwa kwa kirefu kidogo. Reli ya Kati ilifika mjini mwaka 1912. Vita vilipozuka mwaka 1914 na bahari ikafungwa na Waingereza, Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikosa sarafu. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kuwa mahali pa kupigia fedha. Zilitolewa heleri 5 na heleri 20 za shaba, nyekundu na ya manjano, na pia rupia 15 za dhahabu iliyotoka katika mgodi wa Sekenke. Sarafu ya dhahabu ina tai wa kifalme upande mmoja; upande wa pili ina tembo aliyeinua mkonga, mlima ukiwa nyuma yake. Zilipigwa 16,198. Herufi T huonyesha mji zilikotoka. Tarehe 19 Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji.

Heleri imetuachia neno hela, ambalo sasa ni fedha ya aina yoyote. Kwa makala haya, hata hivyo, la muhimu zaidi ni chuma kilichozipiga. Kipande cha chuma kigumu kilichochongwa hugonga shaba kwa nguvu, na kila pigo hukila kidogo. Wakusanyaji wa sarafu huzigawa heleri 20 za Tabora kwa ukubwa wa taji na kwa umbo la ncha za herufi L katika neno HELLER: zilizopinda na zilizochongoka. Tofauti hizo zinatokana na kutumiwa kwa vyuma tofauti vilivyochongwa kwa mkono. Sarafu zote zilizopigwa kwa chuma kimoja ni ndugu. Zina kasoro moja.

Hiyo ndiyo maana kamili ya kupiga chapa: mguso, nguvu, na umbo moja linalorudiwa. Dhahabu na shaba huvumilia. Si kila kitu huvumilia.

4.0 Leza ya urujuanimno hufanya nini

Leza ya kwanza iliwashwa na Maiman mwaka 1960. Leza nyingi za viwandani hutoa mwanga wa urefu wa mawimbi wa nanometa 1,064, usioonekana kwa macho, ambao kazi yake juu ya kitu ni kukipasha joto hadi kiyeyuke, kiungue au kigeuke mvuke. Mwanga huo ukipitishwa katika fuwele maalumu, urefu wa wimbi hugawanywa kwa 3 na kuwa nanometa 355. Hapo umeingia katika urujuanimno.

Mgawanyo huo una matokeo mawili. Kwanza, wimbi fupi huweza kukusanywa katika nukta ndogo zaidi, hivyo maandishi madogo sana husomeka. Pili, na hili ndilo zito, kila fotoni hubeba nishati mara 3: kama elektronivolti 3.5 badala ya 1.17. Vifungo vya kemikali vinavyoshikilia plastiki vina nishati ya kiwango hichohicho. Kifungo cha kaboni na nitrojeni huhitaji takriban 3.2, na kile cha kaboni na kaboni takriban 3.6. Kwa hiyo mwanga huu unaweza kukigusa kifungo chenyewe bila kusubiri joto la jumla likivunje. Katika plastiki nyeupe iliyotiwa titani dioksaidi, rangi hiyo nyeupe huufyonza mwanga na kugeuka kijivu au nyeusi, wakati uso wa plastiki unabaki karibu kama ulivyokuwa.

Umuhimu wake ulionekana wazi katika nyaya za ndege. Zamani namba za nyaya zilipigwa kwa chuma cha moto juu ya ganda la plastiki. Chuma kikizidisha nguvu au joto, ganda hutoboka na waya hubaki uchi mahali ambapo hakuna afikiaye. Tangu miaka ya 1980 leza ya urujuanimno ilianza kuchukua kazi hiyo. Chupa za dawa, vidonge, vioo na mbao za saketi vimefuata.

5.0 Piga, chora au tia?

Pingamizi la kwanza dhidi ya "kupiga chapa kwa leza" ni kwamba leza haipigi. Pingamizi hili ni dhaifu. Kiswahili hupiga picha, hupiga simu, hupiga pasi na hupiga hodi, na hakuna anayeumia. Kitenzi piga katika miundo hiyo kimepoteza pigo na kubaki kibebaji cha nomino inayokifuata.

Maana inakaa katika nomino, na hapo chapa lina mzigo wake. Kwa mfugaji wa Nzega au Igunga, chapa ni chuma chekundu kutoka motoni. Ndiyo maana mfasiri, akitaka kuonyesha tofauti, hukimbilia "chapa baridi", na wauzaji wa mitambo humsaidia, kwani nao huisifu leza hii kuwa ni baridi. Sifa hiyo ni ya kweli nusu. Leza za nanometa 193, ambazo Srinivasan na wenzake wa IBM walizitumia mapema miaka ya 1980 kuchonga plastiki, zina fotoni za elektronivolti 6.4, na hukata vifungo bila shida. Fotoni ya nanometa 355 haifikii hata wastani wa kifungo cha kaboni na kaboni. Sehemu ya kazi yake bado ni joto, japo joto dogo lililofungiwa mahali padogo.

Kosa hili lina madhara nje ya kamusi. Kwa fundi, kitu baridi ni kitu salama. Hukishika kwa mkono mtupu. Mwanga wa nanometa 355 hauonekani, haumfanyi mtu apepese macho, na hufyonzwa na konea na lenzi ya jicho, ambako unaweza kuleta mtoto wa jicho. Mwongozo unaosema "baridi" humvua fundi miwani ya kinga kabla hajafika ukurasa wa tahadhari.

Kuchora nako hakutoshi. Achoraye huondoa kitu au huongeza wino, na katika plastiki nyeupe hakuna kinachoondolewa wala kuongezwa: rangi imebadilika ndani. Linalobaki ni kutia rajamu kwa leza ya urujuanimno. Rajamu halidai joto, pigo wala mkwaruzo. Linasema tu kwamba alama ni ya bidhaa na itaenda nayo. Chapa libakizwe kwa chuma, cha moto au cha shinikizo, kama kilichotumika Tabora mwaka 1916.

Inaweza kudaiwa kwamba rajamu limesahauliwa na wengi, na kwamba istilahi ngeni kwa msikilizaji haina faida juu ya neno la Kiingereza. Dai hilo lingekuwa na nguvu kama urujuanimno lisingefaulu. Hilo lilikuwa geni zaidi.

6.0 Pembe, ngozi na hereni

Sehemu ya mwisho inarudi kwenye bidhaa za njia ileile. Pembe za ndovu zilizojenga utajiri wa Tabora zimefungwa katika biashara ya kimataifa kwa uamuzi wa CITES wa mwaka 1989, ambao Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuupendekeza. Zilizo katika hifadhi za serikali hutakiwa kuwa na alama ya kudumu yenye herufi mbili za nchi, namba na uzito, kwa chuma cha kugonga, wino usiofutika au njia nyingine ya kudumu. Kila pembe ina namba yake. Hii si chapa kwa maana ya sarafu, kwa sababu hakuna pembe mbili zenye maandishi sawa. Ni rajamu iliyogeuka kitambulisho.

Ng'ombe wamepita njia hiyohiyo. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ilipitishwa mwaka 2010, na mwaka 2017 wafugaji nchini walihimizwa kupiga chapa mifugo yao. Chuma cha moto huacha kovu, na kovu hushusha bei ya ngozi kwa mtengeneza viatu. Baadaye zililetwa hereni za kielektroniki. Hereni ni kipande cha plastiki, na plastiki za aina hiyo mara nyingi huandikwa kiwandani kwa leza kabla hazijafika zizini. Wafugaji wamelipokea jina la hereni bila kungoja kamati yoyote. Bado hawana jina la namba iliyoandikwa juu yake: wengine huiita namba tu, wengine chapa, ingawa ng'ombe huyo hakuguswa na moto.