KUTOA LENZI YA TAREHE KWENYE SAA: JUA KIOO CHAKO KWANZA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Somo letu la leo halimo katika vitabu vya shule, ingawa fizikia yake tumeisoma. Tutajifunza jinsi ya kutoa ile lenzi ndogo ya tarehe iliyo juu ya kioo cha saa ya mkono. Wahenga walinena kwamba tahadhari kabla ya hatari, na katika kazi hii tahadhari ni zaidi ya nusu ya kazi yenyewe.

Lenzi hii ni nini?

Ni kijidude kidogo chenye umbo la mstatili, kilichotokeza juu ya dirisha la tarehe. Dirisha lenyewe aghalabu huwa kwenye nambari 3, yaani pale ambapo kwa Kiswahili tunasoma saa tisa. Kampuni ya Rolex ya Uswisi ilitoa saa yake ya Datejust mwaka wa 1945, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaiongezea lenzi hiyo. Hukuza tarehe takriban mara 2.5. Jina lake la kigeni ni la jitu la hadithi za Wagiriki lililokuwa na jicho moja tu kwenye paji la uso. Baadaye kampuni nyingi ziliiga, na leo utaiona hata kwenye saa za bei rahisi.

Kwa nini mtu aitoe? Wengine lenzi yao imekwaruzika hata tarehe haisomeki. Wengine ilibandikwa vibaya, ikaenda upande. Wengine hawapendi tu, wanataka kioo kiwe tambarare. Hizo zote ni sababu.

Lakini ngoja kwanza. Saa ni ya nani? Kama ni ya mzazi au babu, kumbuka kwamba watu wengi wakishapita miaka 40 hivi macho huanza kushindwa kuona vitu vidogo vya karibu. Lenzi unayoiona mbaya ndiyo inayomsomesha tarehe. Hata kama saa ni yako, fanya jaribio hili rahisi: iinamishe mpaka uione tarehe kupitia kioo kilicho kando ya lenzi. Hiyo ndiyo tarehe utakayobaki nayo. Je, inakutosha?

Aina tatu za vioo

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kinachosaidia kioo kimoja huangamiza kingine.

Kwanza kuna kioo cha plastiki. Ukikigonga kwa ukucha hutoa sauti nzito, na ukikigusa hakina ule ubaridi wa kioo. Mara nyingi lenzi yake haikubandikwa, bali imemiminwa pamoja na kioo, kwa hivyo hakuna kitu cha kubandua.

Pili kuna kioo cha kawaida. Ni baridi, hulia kwa sauti kali, na hukwaruzika polepole.

Tatu kuna kioo cha yakuti iliyotengenezwa kiwandani. Ugumu wake ni 9 katika kipimo ambacho almasi ni 10, na kioo cha kawaida ni kama 5 na nusu. Tone la maji juu ya yakuti safi hukaa duara, lakini juu ya kioo cha kawaida hutandaa. Jaribio hilo si ushahidi wa mwisho, kwa hivyo muulize fundi pia. Kuuliza si ujinga.

Sasa pitisha ukucha pembeni mwa lenzi. Ukikwama kwenye ukingo mkali, huenda lenzi imebandikwa kwa gundi. Ukiteleza bila kukwama, yawezekana imemiminwa. Na kama juu ni laini kabisa, basi lenzi iko upande wa ndani. Hiyo usiihangaikie nyumbani.

Namna ya kuitoa

Kwa kioo cha kawaida au cha yakuti kilichobandikwa lenzi, mpe fundi akitoe kioo kwenye saa. Usikubali dawa yoyote iguse mashine. Kitie kioo peke yake ndani ya chupa ya kioo yenye asetoni, ile inayotumiwa kuondoa rangi ya kucha. Funika, weka mbali na jiko, mshumaa na sigara, maana mvuke wake hushika moto upesi. Madirisha yawe wazi. Kiache usiku kucha, kisha usukume lenzi kutoka pembeni kwa kipande cha plastiki ngumu. Isipotoka, rudisha. Gundi nyingine ni kaidi, na huenda ikashinda asetoni kabisa. Usilazimishe.

Mafundi wengine hutumia moto mdogo kulegeza gundi, halafu husukuma lenzi kwa wembe. Njia hiyo ni ya yakuti, tena ikiwa nje ya saa. Kioo cha kawaida kikipashwa moto mahali pamoja, pale hutanuka na kwingine hapatanuki, basi kinapasuka, kama gilasi baridi iliyomiminiwa chai moto. Na asetoni na moto visikutane kamwe.

Kwa plastiki, asetoni ni sumu: kioo hugeuka cheupe na kujaa nyufa. Hapa hutumika msasa wa maji, kioo kikiwa nje ya saa. Anza na namba 400 au 600 kupunguza lenzi, endelea na 1000, halafu 2000. Kadiri namba inavyopanda ndivyo msasa unavyokuwa laini. Maliza kwa kitambaa na dawa ya meno mpaka king'ae.

Kazi ikiisha, fundi arudishe kioo na raba mpya. Hata hivyo usiiamini tena saa hiyo ndani ya maji mpaka ipimwe.

Neno la mwisho

Kabla ya yote, muulize fundi bei ya kioo kipya kisicho na lenzi, chenye kipenyo sawasawa na hicho. Cha plastiki au cha kawaida mara nyingi si ghali. Ukibadilisha, kile cha zamani kifunge kwenye karatasi na ukiweke. Mwenye saa akibadili nia, kitarudi. Lakini lenzi iliyosuguliwa na msasa hairudi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini asetoni haifai kwa kioo cha plastiki?
2. Eleza kwa nini kioo cha kawaida hupasuka kikipashwa moto mahali pamoja.
3. Utajuaje, bila kutoa lenzi, tarehe itaonekana kwa ukubwa gani?